Wenye mabanda ya gemu, FIFA pekee haitoshi

Nasema hivi, na mkasirike mkitaka. Mabanda ninayoingia Migori mjini, skrini zote ni FIFA. Nikipanda matatu hadi Homa Bay, ni FIFA tena.

"Za kupigana ni za zamani," mwenye banda mmoja akaniambia. Na ya kale si ndiyo dhahabu? Mwaka 2018 Capcom walitoa Street Fighter 30th Anniversary Collection: gemu 12 ndani ya CD moja, kuanzia ile ya 1987 hadi Third Strike ya 1999. Inaingia PS4 hiyohiyo uliyo nayo. Wawili mkikaa benchi moja, hamhitaji bando hata ya bob tano.

Piga hesabu. Mechi ya FIFA inakula dakika nane, kumi. Street Fighter saa inaanzia 99, anayeshinda raundi mbili amemaliza, aliyepigwa anaachia pedi. Foleni inasonga. Mtoto wa bob kumi anacheza, nawe unaingiza.

Na msinianzie eti gemu ndizo zilinitoa chuo. Kilichonitoa ni fee. Sylvia Gathoni, yule Queen Arrow, ni Mkenya, na ni gemu ya kupigana, Tekken, iliyomfanya asainiwe na timu ya Marekani 2018. Mwingine kama yeye huenda yuko hapo Rongo, na hajawahi kushika pedi ya gemu kama hiyo.

Wekeni skrini moja tu. Moja! Wa kwanza kulipa ni mimi.