Vijifuko vya Seli na Saratani ya Kibofu: Kipimo Kithibitishwe Kanda ya Ziwa

Damu katika mkojo ni dalili isiyostahili kupuuzwa popote, lakini katika Kanda ya Ziwa ina uzito wa pekee. Kwa kijana, aghalabu huwa ni ishara ya kichocho. Kwa mtu mzima aliyeishi na kichocho miaka mingi, yaweza kuwa ishara ya saratani ya kibofu. Hospitali ya Rufaa ya Bugando, iliyofunguliwa Mwanza mwaka 1971, hupokea wagonjwa wa aina zote mbili. Swali ni hili: je, sayansi mpya ya vijifuko vya seli yaweza kuwatenganisha mapema?

Yafaa kwanza kueleza maradhi yenyewe. Kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria na visiwani, kama vile Ukerewe, kichocho kilichoenea ni cha tumbo. Kichocho cha mkojo hupatikana zaidi mbali kidogo na ziwa, kwenye madimbwi na majaruba ya mpunga ambamo huishi konokono wa jamii nyingine. Mayai ya minyoo yake hunasa katika ukuta wa kibofu na kuuchubua mwaka hadi mwaka. Utando wa ndani hugeuka kuwa wa seli bapa, na baadhi ya seli hizo huishia kuwa saratani. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikiweka kichocho hicho katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani kwa binadamu.

Sasa tazama vijifuko. Kila seli hai hutoa nje vijifuko vidogo mno vilivyozungukwa na utando wa mafuta. Vingi vyao vina upana wa nanomita 30 hadi 150, hali chembe nyekundu ya damu ina takriban nanomita 7,000. Kwa hiyo hadubini ya shuleni haiwezi kuvionyesha. Huhitajika hadubini ya elektroni. Watafiti wa Kanada na Marekani walipovieleza mwaka 1983, wengi walidhani ni njia tu ya seli kutupa taka. Mwaka 2007 wanasayansi wa Sweden walionyesha kwamba vijifuko hivyo hubeba RNA kutoka seli moja hadi nyingine. Taka ikawa barua.

Seli ya saratani nayo hutuma barua zake, na zile za kibofu huingia moja kwa moja katika mkojo. Leo daktari huthibitisha saratani hiyo kwa kuingiza mrija wenye taa ndani ya kibofu na kukata kipande cha nyama. Kama barua hizo zingeweza kusomwa kwa uhakika, kikombe cha mkojo kingeweza kumwonyesha daktari ni nani anayestahili kuingizwa mrija huo kwanza.

Hapa ndipo penye hatari. Katika Ulaya na Marekani saratani ya kibofu iliyo nyingi ni ya aina nyingine, na kisababishi chake kikubwa ni tumbaku. Kipimo kilichosanifiwa kwa mkojo wa wagonjwa wa huko hakina uhakika wa kuitambua saratani ya seli bapa. Zaidi ya hayo, mkojo wa mwenye kichocho una damu na chembe za uvimbe, na minyoo yenyewe hutoa vijifuko vyake. Kipimo kinaweza kumtia hofu mwenye kichocho tu, au kumpa tumaini la uongo mwenye saratani. Hivyo basi, haitoshi kununua kipimo. Hakina budi kuthibitishwa kwa mkojo wa watu wa Kanda ya Ziwa.

Kuhusu tiba, subira inahitajika. Vijifuko vinajaribiwa kama vyombo vya kupeleka dawa kwenye seli za saratani, na vingine kama njia ya kuamsha kinga ya mwili. Majaribio ya mwanzo kwa wagonjwa yalionyesha usalama zaidi kuliko uponyaji.

Wapo watakaosema kwamba fedha zitumike kwa prazikwanteli, vyoo na maji safi. Wana haki kwa upande wa kinga, na kazi hiyo haina mbadala. Lakini prazikwanteli huua minyoo. Haimhakikishii mtu ambaye utando wa kibofu chake umekwisha kubadilika kwamba hatapata saratani. Mtu huyo naye ni mwananchi, na anahitaji kutambuliwa mapema.

Mwanza haianzi na mikono mitupu. Ina hospitali ya rufaa, chuo kikuu cha tiba palepale Bugando, na kituo cha taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kinachotakiwa ni kuhifadhi sampuli za mkojo kwa utaratibu na kwa ridhaa ya wagonjwa, kuzilinganisha na majibu ya vipande vya nyama, na kuwafunza vijana kazi ya maabara. Mwalimu wa biolojia anayefundisha utando wa seli pamoja na mzunguko wa maisha ya kichocho amekwisha kuanza kuwaandaa vijana hao.