Kompyuta isipoiona diski, usikimbilie kufomati

Umebonyeza swichi, taa imewaka na feni inavuma, lakini badala ya picha uliyoizoea unakutana na skrini nyeusi yenye mstari mmoja wa Kiingereza unaokuarifu kwamba diski haikupatikana. Kama wewe ni mwanafunzi ambaye tasnifu yake inahitajika chuoni Jumatatu, au mzazi aliyehifadhi humo picha zote za watoto tangu wazaliwe, bila shaka moyo utakuruka.

Mpenzi msomaji, tulia kwanza. Si kila diski isiyoonekana imekufa, na pupa ya kuitengeneza yaweza kuleta hasara kubwa kuliko ubovu wenyewe.

Hebu tuanze na jinsi mambo yanavyokwenda. Kompyuta inapowashwa, programu ndogo iitwayo BIOS, au UEFI katika mashine za kisasa, huamka kabla ya nyingine zote. Programu hii hukaa kwenye bodi kuu wala si ndani ya diski. Kazi yake ni kama ya mwalimu anayeita rejista asubuhi: kumbukumbu ipo? Kibodi ipo? Diski ipo? Diski isipoitika, Windows haiwezi kuanza kwa sababu imehifadhiwa humo humo. Lakini kama ilivyo darasani, asiyeitika huenda ni mgonjwa, huenda amezuiwa njiani, au huenda jina lake limerukwa tu.

Hatua ya kwanza haigharimu hata senti. Zima kompyuta, kisha uchomoe flashi, kadi za simu na kila kitu ulichochomeka pembeni. Mashine nyingine hujaribu kuanzia kwenye flashi iliyosahauliwa, na zisipopata kitu humo, zinakwama. Washa tena uone.

Ikiwa hali ni ile ile, ingia kwenye ukurasa wa BIOS. Washa mashine na papo hapo ubonyeze kitufe chake mara kadhaa. Kompyuta nyingi hutumia F2 au Delete, na za HP kwa kawaida hutumia F10. Ukiwa humo, tazama tu, usiguseguse. Tafuta orodha ya diski. Kabla ya kubadilisha chochote, piga picha ya ukurasa huo kwa simu yako. Jihadhari pia kwamba laptopu ambayo diski yake imefungwa kwa BitLocker yaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48 baada ya mabadiliko. Utafute ufunguo huo mapema; mara nyingi huwa umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine.

Iwapo jina la diski limo kwenye orodha, shukuru. Mwanafunzi ameitika. Huenda mpangilio wa kuanzia umevurugika, nawe utairudisha diski hiyo iwe ya kwanza. Tazama tarehe pia. Ikiwa imerudi nyuma miaka kadhaa, huenda betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye bodi kuu imekwisha na BIOS imesahau mipango yake. Katika kompyuta nyingi za mezani, betri hiyo ni CR2032 ya volti 3, na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache. Mpangilio ukiwa sawa na mashine bado imegoma, huenda Windows yenyewe ndiyo imeharibika, lakini faili zako zaweza kuwa salama kabisa.

Jina lisipokuwemo, shuku nyaya kabla ya kushuku diski. Kwa kompyuta ya mezani, zima, chomoa waya wa stima ukutani, kisha uguse chuma cha kasha ili umeme ulio mwilini mwako usije ukaunguza vifaa. Diski za SATA, zilizoanza kuenea mwaka 2003, zina nyaya mbili: mwembamba wa pini 7 unaopitisha habari na mpana wa pini 15 unaoleta umeme. Zichomoe zote mbili na uzirudishe kwa uthabiti. Ikishindikana, jaribu waya mwingine au soketi nyingine. Kwa laptopu ambayo dhamana yake haijaisha, usiifungue, irudishe ulikoinunua.

Sasa tega sikio. Diski ya kuzunguka hutoa mvumo mwororo. Ukisikia inagonga ta-ta-ta au inakwaruza, zima mara moja na usiiwashe tena, kwani kila mzunguko waweza kuzidi kuharibu palipoandikwa faili zako. Usiifungue diski yenyewe, maana hata punje ya vumbi inatosha kuimaliza. Diski za SSD hazina kitu kinachozunguka, hivyo zaweza kufa kimya kimya bila onyo lolote.

Ukiamua kwenda kwa fundi, usimkabidhi mashine na kuondoka. Mwulize: Je, BIOS inaiona diski? Je, umejaribu waya mwingine? Je, utazinakili faili zangu kabla ya kufanya jambo lolote? Akikimbilia kusema kwamba dawa ni kufomati, mwambie asubiri. Kufomati ni kuitayarisha diski upya kana kwamba haikuwa na kitu, na diski ambayo haionekani kabisa haiwezi hata kufomatiwa. Ile inayoonekana yaweza kutolewa, ikatiwa kwenye kasha la USB na kuchomekwa katika kompyuta nyingine ili faili zinakiliwe kwanza. Patana naye bei ya kazi hiyo kabla hajashika bisibisi.

Hata hivyo, kinga ni bora kuliko tiba. Diski ni chombo, na kila chombo kina siku yake. Laptopu yenye diski ya kuzunguka usiitie mkobani ikiwa ingali inafanya kazi, kisha ukapanda matatu ya kurukaruka kwenye mashimo. Na kila faili unayoithamini iwe na nakala mbili zaidi: moja kwenye diski ya nje, nyingine kwenye intaneti au kwa jamaa anayeishi kwingine, ili mwizi au moto visichukue zote kwa siku moja.

Leo jioni, kabla ya kulala, chagua faili tano ambazo ungelia ukizipoteza, uzinakili. Diski mpya hupatikana dukani, lakini picha ya marehemu nyanya akicheka na wajukuu haiuzwi popote.

Hadi Jumapili ijayo, kila la heri.