Mahindi ya Pemba si ya Mbeya

Masika yakikaribia, kwenye mabaraza ya Pemba maneno kuhusu mahindi huwa ni yale yale. Yenye chembe ya ukweli ndiyo yanayopoteza watu zaidi.

"Mbegu inayojaza magunia Mbeya itajaza na huku." Haitajaza. H614, kwa mfano, ilitoka Kitale, Kenya, kwa ajili ya nyanda za juu, mita 1,500 na kwenda juu, ambako hukaa shambani miezi sita na zaidi. Vilima vya Pemba havifiki hata mita 150. Joto la pwani huikimbiza mbegu hiyo, ikachanua kabla haijajijenga. Kisha kuna ugonjwa wa milia, unaoenezwa na wadudu wadogo warukao majanini. Muhindi ukiupata ungali mchanga, usitarajie gunzi la maana. Ndiyo maana Tanzania ilitoa Staha mwaka 1983 na TMV-1 mwaka 1987, mbegu za nyanda za chini zinazostahimili milia.

"Polo moja la urea halitoshi, tia mawili." Hebu tuhesabu. Ukipanda kwa sentimita 75 na 30, mche mmoja kila shimo, ekari inachukua miche 18,000 hivi. Gawa polo la kilo 50 humo: kila mche hupata chini ya gramu tatu, kama nusu kizibo cha soda. Anayejaza kizibo kila shina ameshatia karibu mapolo mawili, na huku analalamika kwamba polo ni dogo! Mara nyingi huitia yote kwa mkupuo, Aprili, mvua imeshika. Kwenye kichanga cha mteremko, mvua kubwa chache huishusha chini ya mizizi. Mimi ningetia nusu mahindi yakifika magotini na nusu yakikaribia kutoa mbelewele, kila mara baada ya kupalilia. Magugu nayo hula.

"Mbolea ya chumvichumvi inaua ardhi." Salfeti ya amonia ikitiwa miaka mfululizo huongeza tindikali, kweli. Lakini kwenye maweni ya mashariki udongo una chokaa, tindikali haisumbui; hasara ya huko ni kwamba urea iliyoachwa juu huruka hewani; inama karibu utasikia harufu yake kali. Ifukie. Kinachochosha konde upesi ni mahindi juu ya mahindi, mabua yakichomwa kila mwaka. Samadi haigombani na urea, zitie zote.

"Mbegu ya dukani hununuliwa kila mwaka." Chotara, ndiyo. Staha na TMV-1 si chotara: chagua magunzi mazuri katikati ya konde, ambako chavua ya jirani haifiki kwa wingi, upande tena misimu miwili mitatu.

"Yakiwa manjano, ongeza mbolea." Tazama kwanza miguuni. Bondeni maji yakituama, mizizi hukosa hewa, na hakuna polo litakaloiponya. Chimba mfereji, au bonde hilo liachie mpunga.