Kupumzika Baada ya Mbio Si Uvivu

Siku hizi mbio ndefu si za wanariadha wa taifa peke yao. Tangu mbio za Kilimanjaro zilipoanza mjini Moshi mwaka 2003, vijana wetu wengi, akina mama na hata wazee hujitokeza kukimbia kilometa 42 au nusu yake. Tunawashangilia, nao wanastahili. Lakini hatupendezwi na jambo linalofuata. Jumatatu asubuhi mkimbiaji huyo huyo hukabidhiwa jembe au ndoo ya maji, na akichechemea huchekwa kuwa ni mvivu.

Sisi tunasema huo si uvivu. Katika kukimbia umbali huo, hasa pale njia inapoteremka, nyuzi za misuli huchanika kidogo kidogo. Ndiyo maana maumivu huzidi siku ya pili na ya tatu, wala si siku ile ile. Akiba ya wanga iliyomo misulini nayo huwa imepungua sana, na huchukua siku moja hadi tatu kurudi iwapo mtu atakula vizuri. Misuli yenyewe huweza kuhitaji wiki mbili au zaidi.

Kwa hiyo, aliyekimbia kilometa 42 asikimbie wiki ya kwanza. Lakini pia asishinde kitandani. Kutembea polepole kwa dakika 20 au 30, au kuendesha baiskeli mahali pa tambarare, husaidia viungo visikakamae. Wiki ya pili akimbie kidogo, endapo maumivu yamekwisha. Mazoezi makali yangoje wiki ya tatu au ya nne. Alale usiku wa kutosha, na apewe chakula cha kujenga mwili: mtori, ugali na maharage, samaki, mayai, maziwa. Maji anywe kwa kadiri ya kiu, kwani maji mengi kupita kiasi hupunguza chumvi katika damu, na hiyo ni hatari.

Tunaonya pia juu ya kumeza hovyo vidonge vya maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni huweza kudhuru figo za mtu aliyepungukiwa maji mwilini. Mkojo ukiwa na rangi ya kahawa, mguu mmoja ukivimba, kifua kikiuma au mtu akichanganyikiwa, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Wapo watakaotukumbusha habari za John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki mjini Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia goti, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Nasi tunamheshimu sana. Lakini ujasiri ule ulikuwa wa kumaliza mbio. Hakuna medali ya kujiumiza zaidi baada ya mbio kwisha.

Basi tunaziomba familia zigawane kazi. Zaidi tunawafikiria mama na binti, ambao hutoka mbioni na kukuta kuni, maji na vyombo vinawangoja. Wiki hiyo kaka wachote maji, na baba asione haya kukoroga uji. Wiki moja ya kusaidiana ni nafuu kuliko miezi ya kuuguza goti.