Afya ya Jamaa: Wakaao Kutwa na Wasimame Kidogo

Apitaye asubuhi katika njia za Kampemba, toka Bel-Air hata Bongonga, aona watu wengi wamekwisha kuketi kazini. Fundi wa nguo ameinamia cherehani; mbadilisha fedha yu nyuma ya meza yake ndogo yenye mafungu ya faranga; karani yu ofisini, dereva yu penye usukani, mwanafunzi yu katika benchi lake. Jioni wote hurudi wakisema, “Tumechoka.” Nao husema kweli. Lakini mkulima huchoka kwa sababu viungo vyake vimefanya kazi. Hawa wamechoka ingawa viungo vyao vimenyimwa kazi. Kisha wafikapo nyumbani huketi tena, kungoja bukari. Hata siku ya kupumzika, wengi wetu twaketi kuwatazama wachezaji wa Mazembe, nao ndio wakimbiao kwa ajili yetu sote!

Jambo hili si geni. Mwaka 1700 mganga wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu juu ya magonjwa ya watu wa kazi. Aliwahurumia washona nguo na washona viatu, wakaao kutwa wameinama, akawashauri waupe mwili mazoezi walau siku za sikukuu.

Mwaka 1953 mganga Jeremy Morris na wenzake walitangaza habari za watumishi wa mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa na ghorofa. Dereva alikaa tu. Mkata tikiti alipanda na kushuka ngazi saa zote za kazi. Ikaonekana kwamba wakata tikiti walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva. Mwaka 1956 wakachunguza vipimo vya suruali za sare, wakaona madereva walikuwa wanene zaidi hata wale vijana. Basi si haki kukilaumu kiti peke yake. Hata hivyo, uchunguzi mwingi uliofuata umeonyesha kwamba mwili usiojongea huelekea upesi kwenye maradhi ya moyo na ya sukari.

Sababu yake ni nini? Tazameni shavu la mguu. Damu iliyoshuka miguuni hupanda tena kuelekea moyoni, na msuli wa shavu hilo ndio uisaidiao: ukikaza, huikamua mishipa, na damu hupanda. Ukikaa saa tatu bila kuujongeza mguu, msaidizi huyo amelala. Damu hukawia, miguu huvimba, viatu hubana. Tena msuli ufanyao kazi huchota sukari katika damu na kuitumia. Msuli uliolala huchota kidogo tu, na sukari ya chakula hukawia katika damu.

Mwaka 2023, mwalimu Keith Diaz wa chuo kikuu cha Columbia, katika Marekani, pamoja na wenzake, walitangaza jaribio dogo la watu 11. Watu hao walikaa saa nane, siku nyingine bila kuinuka kutembea, siku nyingine wakiinuka kwa vipindi. Walipotembea dakika 5 kila nusu saa, sukari haikupanda sana baada ya chakula, na msukumo wa damu ulishuka. Hata walipotembea dakika 1 tu kila saa, msukumo wa damu ulishuka kidogo. Watu 11 ni wachache, lakini majaribio mengine yaelekea njia hiyo hiyo.

Hapo fundi wetu atauliza: “Dakika 5 kila nusu saa ni saa 1 na dakika 20 kwa siku. Nani atashona nguo za wateja?” Neno lake ni la haki, maana watoto wake hula kwa sindano ile. Basi, asiyeweza dakika 5 na afanye 1. Kwa saa nane ni dakika 16 tu, nazo hupatikana bila kuiharibu kazi: asimame anapokata kitambaa, aende mwenyewe kuchukua uzi, ampokee mteja akiwa wima. Bandu bandu huisha gogo.

Wala tusidhani kupumzika ni kosa. Wahadza wa Tanzania, wakaao karibu na ziwa Eyasi, huwinda na kuchuma matunda. Mwaka 2020 wataalamu walitangaza kwamba hao nao hupumzika karibu saa 10 za mchana wao, na maradhi ya moyo ni haba kwao. Ila hutembea sana wakati wa kazi, na mara nyingi hupumzika wakichuchumaa au wakipiga magoti, hata misuli ya miguu haiachi kufanya kazi. Mama atwangaye sombe na kuichochea babula ana heri kuliko anavyodhani.

Basi, twawashauri hivi:

Kwanza, kila nusu saa inuka, utembee, au uinue na kushusha visigino mara 20.

Pili, baada ya kula usikimbilie kiti. Zunguka ua kwanza.

Tatu, walimu na wawasimamishe wanafunzi kati ya somo na somo. Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri mtoto apate dakika 60 za kujongea kila siku, na mtu mzima dakika 150 au zaidi kwa juma. Vipindi hivi vifupi havifuti deni hilo, bali hulipunguza.

Nne, asafiriye kwa basi hata Kolwezi na ashuke kila linaposimama.

Lakini mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana, usijitibu kwa mazoezi: nenda kwa mganga siku ile ile. Na mwenye ugonjwa wa moyo amwulize mganga kabla ya kuanza.

Dawa za sukari na za msukumo wa damu hununuliwa mwezi kwa mwezi, na fedha zake hutoka katika karo ya watoto. Kusimama hakununuliwi. Baba na mama wa jamaa, anzeni leo, watoto wawaone na kuwafuata.