Baraza lenye intaneti

Umeandika vyema kuhusu kumbi za kufanyia kazi pamoja, ila kana kwamba jambo hili tumeletewa juzi. Mji wa Kale wa Mombasa tuna mabaraza toka enzi: huyu ashona kofia, yule apiga hesabu za duka, kahawa chungu yazunguka. Ukumbi wa Swahilipot, pale jirani na Fort Jesus, ni baraza hilohilo lililotiwa intaneti.

Mimi kazi yangu kutafsiri. Stima ikikatika, au watoto wakirudi chuoni, nyumbani hapakaliki. Basi nikajaribu ukumbi mmoja wa kulipia kwa siku. Kiyoyozi baridi ajabu, na kila mtu hedifoni masikioni. Nilitoa salamu, hakuna aliyeitika. Mombasa hii! Siku ya pili nikarudi dakani, muuza kahawa akigonganisha vikombe.