Vigingi Vyeupe Ndani ya Kiwanja

Sisi tukaao Tarime na Serengeti twajua habari za mipaka kuliko watu wengi. Mwaka 1951 Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa, na mwaka 1994 yakatangazwa mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti. Na kila mara mwenye ng'ombe na mwenye upinde aliambiwa kwamba hapa ndipo mwisho wake. Sasa umekuja mpaka wa namna nyingine. Katika miaka hii ya baada ya 2020, Shirika la Hifadhi za Taifa, yaani TANAPA, lilianza kazi ya kiwanja cha gofu chenye mashimo 18 upande wa Fort Ikoma, katika nchi ile ambayo Wajerumani walijenga boma lao juu ya kilima kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

Tumesikia maneno ya namna mbili juu ya jambo hili. Wako wasemao, "Gofu ni mchezo wa wageni na matajiri; hautuhusu." Wako na wengine wasemao, "Kiwanja kikishapimwa, kila unyasi ulio ndani ni wa wachezaji, na kila mwanakijiji ni mtu wa nje." Sisi twasema kwamba hao na hao wamekosea, nasi tutaonyesha kosa lao kwa sheria za gofu zenyewe.

Katika mchezo huu mtu hupiga mpira mdogo kwa fimbo, akiufuata kutoka shimo hata shimo, na mshindi ni yule aliyetumia mapigo machache. Mwisho wa kiwanja aghalabu huonyeshwa kwa vigingi vyeupe. Mpira ukianguka ng'ambo ya vigingi hivyo, hauchezwi, hata ukiwa umelala mahali pazuri na kuonekana kwa macho. Mchezaji huongezewa pigo moja, kisha hurudi pale pale alipopigia kwanza. Haulizwi cheo chake wala mali yake. Wala hana ruhusa kuking'oa kigingi cha mpaka, ijapokuwa kinamzuia mkono. Akiking'oa ili apate nafasi ya kupiga, huadhibiwa.

Tena liko jambo ambalo wengi hawalijui: vigingi hivyo havisimami pembeni tu, bali huweza kusimamishwa katikati ya kiwanja. Huko Hoylake, Uingereza, katika kiwanja cha Royal Liverpool, pana uwanda wa mazoezi uliozungukwa na tuta dogo. Uwanda huo umo ndani ya kiwanja, lakini huhesabiwa kuwa nje ya mipaka. Mwaka 2023, mashindano makubwa ya The Open yalipochezwa pale, mabingwa wa dunia waliutii mpaka ule. Na sheria zilizoanza kutumika mwaka 2019 zawapa wenye viwanja ruhusa ya kutenga sehemu zisizochezewa kabisa, kama vile mahali penye mimea au viumbe vinavyohitaji kulindwa. Mpira ukiingia humo, ni marufuku kuupiga humo. Sharti mchezaji aendelee kutoka nje yake.

Hata ng'ambo ya ziwa letu, Kisumu, husimuliwa kanuni ya zamani ya kiwanja cha Nyanza, kwamba mpira ukisimama karibu na kiboko au mamba, mchezaji auache, aweke mwingine mahali pa salama bila kuadhibiwa. Basi ikiwa mchezo huu umejua kumpisha kiboko, utashindwaje kulipisha kaburi?

Hilo ndilo neno letu. Twataka kila mahali penye heshima au faida ya wenyeji, likiwa kaburi la wazee, au chemchemi, au mabaki ya kale, au njia ya nyumbu wanapopita kwa makundi kila mwaka, pawekwe vigingi vya kumzuia mchezaji. Visiwekwe na mpimaji peke yake. Viwekwe pamoja na wazee wa vijiji vya jirani, maana mpimaji huona mwinuko na mteremko, lakini hajui ni nani aliyelala chini ya mti ule.

Tena twataka adhabu imwangukie yule ambaye sheria ya gofu humwangushia, yaani mpigaji. Mpira ukivuka kigingi ukaangukia malishoni, mpira ndio uliovuka mpaka, wala si mchunga mbuzi. Mtoto akiuokota, asikamatwe kana kwamba ni mwizi au mvamizi. Mtu anaweza kucheka na kusema kwamba haya ni madogo. Hatucheki sisi, maana wilaya jirani imetufundisha. Kule Nyamongo, Tarime, watu walivuka mpaka wa mgodi wa dhahabu kutafuta mawe yenye mabaki ya dhahabu, na wengine hawakurudi nyumbani wakiwa hai. Kesi iliyofunguliwa London na wanavijiji dhidi ya wenye mgodi ilimalizika kwa mapatano mwaka 2015. Lakini mapatano hayafufui mtu. Mgeni akivuka kigingi kwa mpira wake, hutozwa pigo moja. Mwenyeji akivuka mpaka kwa miguu yake, ametozwa damu. Nani atatuambia kwamba hiyo ni haki?

Twajua watakavyotujibu. Watasema kwamba ardhi ya hifadhi si ya vijiji, na kwamba kiwanja cha gofu hakiwezi kuwa cha watu wote. Na waende St Andrews, huko Scotland, kwenye kiwanja mashuhuri kuliko vyote. Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton alithibitisha haki ya watu wa mji kucheza katika ardhi ile. Mwaka 1894 mji uliirudisha mikononi mwake kwa sheria ya Bunge. Mpaka leo kiwanja chake cha kale hufungwa siku ya Jumapili, isipokuwa kwa mashindano machache, na wenyeji hutembea juu ya majani yake pamoja na watoto wao. Gofu haikufa kwa sababu hiyo. Imesitawi kwa karne nyingi.

Watasema pia kwamba wanakijiji hawajui kutunza mipaka. Neno hili ni la kuaibisha wale walisemao. Katika miaka ya 2000 vijiji vitano vya Robanda, Nyichoka, Park Nyigoti, Makundusi na Nata Mbiso vilitenga ardhi yao vyenyewe kwa ajili ya wanyamapori, ikawa jumuiya ya Ikona. Waliojinyima malisho kwa hiari yao hawana haja ya kufundishwa maana ya kigingi. Wanayo haki ya kuuliza kama jirani yao naye atajinyima.

Nanyi msemao kwamba mchezo wa wageni hauwahusu, msijidanganye. Asiyekuwapo siku ya kupima mpaka huwapo siku ya kushitakiwa. Torati ilikataza mtu kusogeza alama ya mpaka wa jirani yake. Lakini ni nani atakayejua kwamba alama imesogezwa, ikiwa hakuna aliyeiona ikisimikwa?

Kwa hiyo twawasihi wasomaji wetu wa pande za Ikoma na Nata mlichukue jambo hili mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa desturi ya sheria hukutana kila miezi mitatu. Andikeni orodha ya makaburi, chemchemi na njia, kila kimoja kwa jina lake. Chagueni wazee wa kufuatana na wapimaji. Orodha hiyo iingizwe katika kumbukumbu za mkutano, ipigwe muhuri, na nakala yake ipelekwe kwa mkuu wa hifadhi na kwa mkuu wa wilaya, nayo nyingine ibaki kijijini. Fanyeni hivyo kabla kigingi cha kwanza hakijapakwa rangi.